Mlio unaokoma ukikanyaga klachi: kabla hujalipia hiyo Altezza

"Shikamoo fundi. Mimi ni mtumishi, nina miaka 43, nilihamia Dodoma na wizara yetu mwaka 2018. Nyumbani tunatumia IST, oto. Tangu ujana natamani gari la spoti la manyuali, na sasa nimepata Altezza RS200 ya mwaka 2001, gia sita, kwa kijana wa hapahapa mjini. Nimeijaribu mara mbili: jioni hadi Bahi na kurudi, kisha alfajiri kuzunguka mjini. Nilishuka natabasamu peke yangu kama mwehu. Ila nimeona mambo matatu. Likiwa limesimama kwenye fri, bila gia, kuna mlio kama kokoto ndani ya kopo. Nikikanyaga klachi unakoma. Alfajiri gia ya pili inagoma kuingia mpaka gari lipate moto. Halafu nikiwa gia ya tano nilikanyaga mafuta nipite lori, mshale wa mizunguko ukaruka juu lakini mwendo haukuongezeka. Muuzaji anasema manyuali zote ziko hivyo. Rafiki yangu anasema nichukue tu, manyuali hainywi mafuta wala haina gharama. Mke wangu anasema ni utoto wa uzeeni. Mwenyewe sijashika manyuali tangu chuo cha udereva. Ninunue?"

Marahaba, mdogo wangu. Hapo umefunga maswali mawili kwenye kitambaa kimoja. Kuna la mtu mzima mwenye IST nzuri kutaka gari la kumfurahisha, na kuna la hilo gari moja ulilolijaribu kama ni zima. La kwanza nakujibu ndiyo bila kusitasita, na mama watoto atanisamehe. La pili ni hapana, si kwa hali ulivyolikuta, na nitakueleza sababu ili siku nyingine ulisikie mwenyewe kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba.

Wengi wanadhani utamu wa manyuali ni mbio. Siyo. Anayetaka kuwahi Dar es Salaam siku hizi anapanda treni ya SGR, tangu 2024 inamfikisha huku anasinzia. Na kwa kubadili gia tu, oto za kisasa zenye klachi mbili ndani zinamshinda binadamu yeyote. Kwa hiyo ukitafuta manyuali ili uwe wa kwanza kwenye taa, umechelewa kama miaka ishirini hivi.

Utamu wenyewe ni huu. Tuseme unarudi mjini kutoka Chamwino, uko gia ya tatu, kilomita 60 kwa saa, injini inazunguka mara 2,800 kwa dakika. Mbele kuna kona, unataka gia ya pili. Kwa mwendo uleule, gia ya pili inataka injini izunguke karibu mara 4,000. Ukishusha gia ukaachia klachi bila kufanya lolote, ile tofauti ya mizunguko 1,200 lazima ilipwe na mtu, na wanaoilipa ni klachi na tairi: gari linashtuka, pua inainama, abiria anakugeukia. Lakini klachi ikiwa bado iko chini ukagusa mafuta kidogo, mguso mfupi tu, injini inapanda hadi pale inapohitajika. Ukiachia hapo, gari linapokea kimya kimya. Aliyekaa kushoto kwako hajui kama umebadili gia. Unajua wewe tu, na hicho ndicho kilichokuchekesha peke yako njia ya Bahi, ingawa njia ile imenyooka na haina kona ya maana.

Mimi nililijua hilo kabla sijawa na leseni, nikiwa utingo wa lori njia ya Kondoa, enzi hizo barabara ni vumbi mpaka kwenye meno. Giaboksi la lori lile halikuwa na sinkro, zile pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Dereva wangu alikuwa anapiga klachi mara mbili: anakanyaga, anatoa gia hadi fri, anaachia, anapiga mafuta, anakanyaga tena, anaingiza. Kwenye dashibodi hapakuwa na mshale wa mizunguko. Alikuwa anapima kwa sikio. Siku akikosea, gia zinalia kijiji kizima kinageuka, naye ananitazama mimi kana kwamba ndiye niliyekosea. Nikianza kusikia kosa kabla halijatokea, nilijua nimeshakuwa dereva.

Sasa tuje kwenye gari lako. Ili uelewe yale mambo matatu, chukua vifuniko viwili vya sufuria na chapati katikati. Kifuniko cha kwanza ni flaiwili, imefungwa kwenye injini na inazunguka muda wote injini ikiwaka. Cha pili ni presha pleti, ina springi kali inayoibana chapati kwenye flaiwili. Chapati ndiyo klachi pleti, nayo imekaa kwenye shafti inayoingia giaboksi. Ikibanwa, injini na giaboksi ni kitu kimoja. Ukikanyaga klachi, rilizi beringi inasukuma springi, vifuniko vinaachana kidogo, chapati inabaki huru na shafti inasimama.

Mlio wa kokoto unasomeka hapo. Ukiwa fri na mguu uko mbali na klachi, shafti ya giaboksi inazunguka pamoja na injini. Ukikanyaga, shafti inasimama. Mlio ukikoma wakati huohuo, basi kilichokuwa kinalia ni kile kilichosimama, na mara nyingi huwa ni beringi ya shafti hiyo, iliyo ndani ya boksi. Ingekuwa kinyume chake, gari kimya halafu mlio uanze unapokanyaga, ningeshuku rilizi beringi, ambayo ni kitu kidogo kinachobadilishwa pamoja na klachi. Wa kwako ni ule mwingine. Pima kwanza oili ya giaboksi, kwa sababu boksi lililokauka hulia hivyohivyo, ila beringi ikishaanza kulia kwa ukavu, kuongeza oili hakuirudishii uzima.

Gia ya pili inayogoma alfajiri ni habari ya sinkro. Hiyo ni pete ndogo ya shaba ya njano inayokumbatia gia na kuisawazisha mwendo kabla meno hayajashikana. Kila unaposhusha gia, inafanya kazi ile aliyokuwa anaifanya dereva wangu kwa sikio. Ya pili ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu ndiyo tunayoishusha mara nyingi mjini, na kwa pupa. Pete ikiisha inashindwa kushika, na oili ikiwa nzito kwa ubaridi wa alfajiri inashindwa zaidi. Ila usihukumu haraka. Nimekuta maboksi mengi yaliyowekewa oili isiyo yake, ya difu au chochote kilichokuwepo dukani, na pete zinateleza tu. Kumwaga oili na kuweka inayotajwa na mtengenezaji ni dawa ya bei ndogo, ijaribu kabla ya yote. Gia ikiendelea kugoma hata boksi likiwa na moto na oili sahihi, pete zimekwisha.

La tatu, mshale kuruka bila mwendo kuongezeka, halina mjadala: klachi inateleza. Chapati imeisha au imelowa oili. Inaanza kujionyesha gia za juu kwa sababu huko ndiko injini inasukuma mzigo mkubwa kwa mizunguko midogo. Ukitaka kuhakikisha, tafuta sehemu iliyonyooka na tupu, uwe gia ya nne kwenye kilomita 50, kisha kanyaga mafuta yote. Injini na mwendo vikipanda pamoja, klachi ni nzima. Injini ikipiga kelele peke yake, umepata jibu. Usirudie mara mbilimbili, maana kila jaribio linaila zaidi, na ile harufu kama ya ukoko wa ugali utaisikia mpaka kwenye nguo.

Ukiyapanga hayo matatu kwa gharama, utashangaa. Lililokutisha zaidi, la klachi kuteleza, ndilo jepesi zaidi. Ule mlio mdogo uliotaka kuuzoea ndio wenye bili. Klachi ni kushusha giaboksi, kuweka pleti, presha pleti na rilizi beringi vyote vipya kwa pamoja, maana ufundi wa kushusha boksi unaulipa mara moja, na hapohapo fundi anaangalia sili ya nyuma ya injini isije ikalowesha pleti mpya, na flaiwili inasawazishwa ikiwa imechimbika. Beringi na sinkro ni kulipasua boksi lenyewe, na hiyo si kazi ya kila gereji. Wakati mwingine boksi zima lililotumika linakuwa nafuu kuliko kutengeneza lako, lakini hapo unanunua historia ya mtu mwingine. Kwa hiyo "manyuali zote ziko hivyo" ni maneno ya mtu anayetaka gari liondoke kabla ya Ijumaa. Manyuali nzima haina mambo hayo matatu kwa pamoja.

Rafiki yako naye nimrekebishe kidogo. Zamani manyuali kweli ilikuwa inanywa kidogo kuliko oto, kwa sababu oto za zamani zilipoteza nguvu nyingi ndani na zilikuwa na gia tatu au nne. Oto za leo zimeziba pengo hilo, na nyingine zimepita mbele. Na ukiendesha RS200 kama inavyotaka kuendeshwa, kituo cha mafuta kitakufahamu kwa jina. Gharama ya klachi nayo inategemea mguu wako wa kushoto. Nimeona klachi ya mtu mmoja ikimaliza miaka kumi na ya mwingine ikifa kabla ya mwaka, gari la aina ileile, mji uleule.

Yupo pia mwenzake anayesema ukishuka mlima weka fri uokoe mafuta. Huyo ananikera kwa sababu nilikuwa mimi. Lami ya Dodoma kwenda Iringa ilipokamilika, nilitoka Iringa na gari langu dogo nikashuka milima ya Nyang'oro nikiwa fri, kwa ubahili. Kona ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya nne pedeli ya breki ilikuwa laini kama nakanyaga godoro: mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Nilirudisha gia ya tatu, injini ikalia, nikashusha ya pili, ikalia zaidi, hapo ndipo gari lilipokubali. Nilikaa kwenye jiwe kandokando ya barabara hadi rimu zikapoa, na konda wa basi lililopita alichungulia dirishani akaniuliza kama nauza mawe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mafuta sikuyaokoa. Gari la injekta likiwa ndani ya gia na mguu wako ukiwa umetoka kwenye mafuta, kompyuta inafunga injekta, yaani vinyunyizio vya mafuta; mteremko ndio unaozungusha injini kupitia magurudumu, bure kabisa. Ukiweka fri, injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo inabidi inywe ili isizimike. Unalipia mafuta ili upoteze breki.

Je, RS200 nzima ingekufaa? Nina mashaka kidogo, ingawa ni gari ninalolipenda. Inatajwa kuwa na nguvu za farasi 210, lakini zote 210 zinapatikana kwenye mizunguko 7,600, na hata mvuto wake unafika kileleni kwenye 6,400. Chini ya hapo ni gari la kawaida lenye sura nzuri. Ongeza na kwamba Dodoma tuko juu, mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza takribani asilimia moja kwa kila mita mia. Kwa hiyo kama farasi ishirini hivi wamebaki Dar. Waliobaki wanakusubiri juu kabisa ya mshale, nawe uko kwenye kibao cha 50, mbele kuna tuta, na trafiki ameshika tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mbuyu. Utaishia kuendesha robo ya gari uliyolilipia.

Ndiyo maana wanaokuja kuniuliza huwa nawaonyesha Swift Sport kwanza, wakanuna. Ile ya 2005 hadi 2010 ina injini ya 1.6, farasi 125, gia tano, na uzito wa kilo 1,060 hivi. Inavutwa na tairi za mbele, haina sifa mtaani. Lakini ni nyepesi, na gia zake za chini unazitumia vizuri hata kwa mwendo wa kawaida, na raha ya manyuali iko kwenye kuzitumia. Mazda MX-5, iliyoanza 1989, ndiyo ingekuwa jibu la kitabuni: nyepesi, inasukumwa na tairi za nyuma, giastiki yake fupi inasogea kwa kifundo cha mkono tu. Ila ina viti viwili, na paa la turubai kwenye vumbi letu la Septemba ni adhabu. Hapo ndipo Altezza inapojitetea: milango minne, buti la kweli, watoto wanaingia, na bado inasukumwa kutoka nyuma. Ukimweleza mama watoto kwamba ni gari la familia hutakuwa umedanganya sana.

Ukibaki kwenye Altezza, hakikisha ni RS200 kweli. Bamba la kwenye bodi liseme SXE10. GXE10 ni ile ya silinda sita, laini na tulivu lakini si hii uliyoiota, na kubandika nembo nyuma ya gari ni kazi ya dakika tano. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Angalia kama kadi inafanana na muuzaji na kama gari halina faini za trafiki zilizolala. Chukua bima kubwa. Ukifikiria kuagiza Japani badala yake, piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujaipenda picha, kwa sababu gari lililozidi miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu.

Kuhusu kuwa hujashika manyuali tangu chuo: mwili haujasahau, ila utakuwa na tabia za oto. Mguu wa kushoto hautajua pa kupumzika, utaulaza juu ya klachi, na uzito wake tu unatosha kuichosha rilizi beringi. Ulaze pembeni. Kwenye kilima, kama kile cha kupandia UDOM, usilishikilie gari kwa kubalansi klachi kama walivyokufundisha kwa ajili ya mtihani. Vuta hendibreki, tafuta pale klachi inapoanza kushika, kisha uachie. Na mkono ukishaingiza gia urudi kwenye usukani. Kuulaza juu ya giastiki kunasukuma uma wa gia ndani ya boksi safari nzima, na huo haukutengenezwa kubeba mkono wa mtu.

Jifunze Jumapili asubuhi, peke yako, barabara ikiwa wazi. Jambo moja tu nitakuwa mkali: mvua za kwanza. Dodoma tunakaa miezi na vumbi na oili vikijilaza juu ya lami, halafu Desemba inanyesha dakika kumi na barabara inakuwa sabuni. Gari linalosukumwa na tairi za nyuma, ukiachia klachi kwa pupa gia ya pili katikati ya mzunguko wa barabarani, mkia unakupita. Kwa gari la umri huo usitegemee kompyuta ikuokoe. Subiri mvua ya pili au ya tatu ioshe barabara, na tairi zako ziwe na meno.

Maelezo yangu ni ya kusoma barua, sijalisikia gari. Beringi na jino la gia lililovunjika vinaweza kulia karibu sawa, kwa hiyo kabla ya fedha, mtafute fundi anayefungua maboksi, si wa kubadili oili tu, alinyanyue, amwage oili ya giaboksi kwenye beseni na kuitazama kwenye mwanga. Ung'avu mdogo kama unga wa dhahabu ni pete za sinkro, si ajabu kwa umri wake. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kucha ni kwaheri. Na kama wakati wowote gia itaruka yenyewe kurudi fri, au pedeli ya klachi itabaki chini isirudi, usiliendeshe hata kulirudisha kwa mwenyewe, livutwe.

Kijana akikubali, mpatie bei iliyotolewa klachi na beringi, si klachi pekee. Mkutane gerejini alfajiri, na mwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu. Likiwa na joto, mwambie utarudi kesho.